Mzee analima viazi mlimani kila siku, kwa nini presha yake haishuki?

#1 Mwana wa Tandala
Wanajukwaa, salaam. Naomba mnisaidie kufikiri juu ya jambo lililotugawa nyumbani kwa wiki nzima sasa. Baba yangu ana miaka 63, anaishi Makete, ni mwembamba, havuti sigara, na tangu nipate akili sijamwona akimaliza siku bila kushika jembe. Shamba lake la viazi liko mlimani, mwendo wa zaidi ya nusu saa kwa miguu, na mara nyingi hurudi na mzigo begani. Mwaka jana alipimwa zahanati akaambiwa presha ni 172/104, akapewa amlodipini ya miligramu 5 kila siku. Baada ya miezi miwili ikasoma 138/84. Akasema amepona, akaacha dawa. Mwezi huu wa Julai amekuja kwangu Uyole, nimempeleka kupimwa, na imesoma 168/100.

Hoja yake ni kwamba waliomtibu walimwambia mazoezi hushusha presha, na yeye anafanya mazoezi kuliko wanawe wote waliokaa mjini, kwa hiyo vidonge ni vya watu wa ofisini. Nilikosa la kumjibu. Je, jembe si mazoezi? Na kama ni mazoezi, tatizo linatoka wapi?

#2 Mpanda Loleza
Mleta mada, jembe ni kazi. Mtu analima dakika kumi, anasimama, anaongea na jirani, anainama tena, na mgongo unaumia kuliko moyo unavyofanya kazi. Mazoezi yanayosaidia presha ni yale yanayokufanya uheme mfululizo, angalau dakika 150 kwa wiki. Nasema kwa ushahidi wa mwili wangu. Nilikuwa na 148/94 na kilo 96. Kwa miezi mitano nimetembea haraka kila asubuhi kutoka Forest kuelekea chini ya mlima Loleza, dakika 40, siku tano kwa wiki, nikaacha chipsi za usiku, na kilo 9 zikaondoka. Leo napima 131/83 na sijameza kidonge hata kimoja. Mzee asikimbilie dawa, kwa sababu ukishaanza hutoki.

#3 Muuguzi Mstaafu
Pole na kuuguza, Mwana wa Tandala. Kabla ya jembe, tuliondoe kwanza neno "amepona". Ile 138/84 ilipatikana kwa sababu dawa ilikuwa mwilini. Amlodipini hudumu ndani ya mwili kwa muda mrefu, ndiyo maana humezwa mara moja tu kwa siku, na mtu akiiacha presha hairuki asubuhi inayofuata bali hurudi polepole kwa siku kadhaa, naye katika siku hizo anaamini kabisa kwamba ameshinda. Nimeona hilo kliniki mara nyingi hata nikachoka kulieleza. Hii si dawa ya malaria ambayo unamaliza dozi na kuendelea na maisha yako.

Mpanda Loleza, hongera kwa juhudi, lakini hesabu yako haimfai mzee huyu. Kwa mwenye presha, mazoezi ya namna hiyo hushusha namba ya juu kwa wastani wa 5 hadi 8, na kila kilo inayopungua hushusha kama 1. Wewe ulikuwa na kilo za kutoa na ulianzia 148. Mzee ni mwembamba, hana cha kupunguza, na faida ya jembe lake tayari imo ndani ya hiyo 168. Huenda bila kulima ingesoma 175. Tena hilo la "hutoki" ndilo linalowaacha watu nyumbani hadi wapooze. Ugonjwa ndio usiotoka, dawa inaufuata tu.

#4 Kahawa ya Mbozi
Mnamtibu mzee kabla ya kuuliza amepimwaje. Mimi niliwahi kusomwa 158/96 katika kituo kimoja nilipofika nikihema, mkojo umenibana, mkono unaning'inia hewani, na mhudumu ananiuliza bei ya kahawa huku mashine inapiga. Nilikuwa nimeshajiandaa kumwambia mke wangu kwamba maisha yamebadilika. Nikapima nyumbani wiki nzima kwa utulivu, wastani ukawa 129/80.

Taratibu zenyewe si siri. Mtu apumzike dakika tano akiwa ameketi, mgongo umeegemea, miguu yote miwili imekanyaga chini bila kupishana, mkono uwe wazi na uwekwe juu ya meza usawa wa moyo, na asizungumze. Nusu saa kabla ya hapo asinywe kahawa, asivute wala kunusa tumbaku, asifanye kazi nzito. Apimwe mara mbili kwa kupisha dakika moja. Halafu mtazame mkanda unaofungwa mkononi, kwa kuwa mkanda mdogo kwenye mkono mnene huongeza namba ambazo hazipo. Kwa vipimo vya nyumbani, mpaka ni 135/85, si 140/90 ya kliniki.

#5 Mwana wa Tandala
Nakiri kwamba tulipanda kilima kwa miguu hadi kituoni, alipimwa mara moja tu, na alikuwa amevaa sweta mbili. Nitanunua mashine ya mkononi nimpime hapa nyumbani.

#6 Kahawa ya Mbozi
Sweta mbili! Basi walipima sufu ya Makete.

#7 Muuguzi Mstaafu
Kahawa, utani wako ni mzuri, ila mzee huyu alisomwa 172 mwaka jana, akashuka kwa dawa, akapanda alipoacha. Sweta haiwezi kufanya hayo yote. Mpimeni upya vizuri, lakini msitafute mashine itakayowaambia mnachotaka kusikia.

#8 Bibi wa Kinyanambo
Kamwene. Wote mmepita jikoni bila kuingia. Napenda kumuuliza mleta mada: maharage ya kwenu yanapikwa na nini? Huku Mafinga, na najua hata Makete, maharage makavu na makande hutiwa magadi ili yaive upesi na kuni zisiishe, na mboga za majani hutiwa magadi ili zilainike. Magadi yana sodiamu kama ilivyo chumvi, ingawa ulimi hausemi "chumvi". Halafu juu ya magadi hayo mpishi anaongeza chumvi ya kawaida kwa kiganja, na mlaji anaongeza tena mezani kabla hajaonja. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa yote, pamoja na ile iliyofichwa kwenye mkate, dagaa wa chumvi na viungo vya pakiti.

Nilipoambiwa nina presha mwaka 2016, niliacha magadi na kuanza kuloweka maharage usiku kucha. Yanaiva. Mume wangu alinuna kwa mwezi mmoja, kisha akazoea.

#9 Chuma cha Liganga
Bibi, nakuheshimu, lakini bibi zetu walikula magadi tangu enzi na hawakuwa na presha. Na kuna jambo mnalolisahau. Nyanda hizi zilijaa ugonjwa wa tezi la shingo. Nakumbuka nikiwa mtoto Ludewa katika miaka ya 1980 tulipangwa mstari tukapewa vidonge vya mafuta yenye madini joto. Baadaye ndipo madini joto yakaanza kutiwa kwenye chumvi. Leo mnasema tuache chumvi. Tezi likirudi mtasemaje?

#10 Muuguzi Mstaafu
Liganga, umekumbusha jambo la kweli na la maana, ila hitimisho limeteleza. Hakuna aliyesema chumvi iachwe. Madini joto huwekwa kwa kiwango ambacho hata mtu anayekula chumvi kidogo huyapata ya kutosha, na kiwango hicho kinaweza kurekebishwa kiwandani. Kinachotakiwa ni chumvi kidogo, na hiyo kidogo iwe ile ya pakiti yenye madini joto, si ya mawe isiyojulikana ilikotoka. Kuhusu bibi zetu kutokuwa na presha, nani aliwapima? Presha haina dalili kwa wengi wao. Mtu alianguka shambani, mdomo ukapinda, tukasema amepigwa na upepo mbaya au amerogwa na shemeji yake.

#11 Dereva wa Tunduma
Mimi nitasema juu ya dawa zenyewe, kwa sababu mnazungumza kana kwamba mtu huziacha kwa ujinga tu. Nilianzishiwa dawa ya kukojosha. Jaribuni kuendesha lori kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam huku mnasimama kila baada ya nusu saa, na kwenye mteremko wa Kitonga hakuna pa kusimama. Nikawa naimeza siku za mapumziko tu. Nikabadilishiwa, nikapewa lisinoprili, nikakohoa kikohozi kikavu miezi mitatu, nikapimwa kifua kikuu mara mbili kabla mtu mmoja mwenye akili hajaniuliza ninameza nini. Nikapewa amlodipini ya miligramu 10, vifundo vya miguu vikavimba, viatu vikanikataa. Mke wangu akasema ni figo, nami nikaacha kila kitu.

Miezi sita baadaye tulikuwa Makambako tunakula, nikashindwa kushika kijiko, na maneno yakanitoka yamevunjika. Wenzangu wakanikimbiza hospitali. Nashukuru ilikuwa kiharusi kidogo na mkono umerudi karibu wote. Sasa ninameza amlodipini 5 pamoja na losatani, miguu haivimbi, sikohoi. Vilikuwepo vidonge vya kunifaa wakati wote huo, ila hakuna aliyeniambia kwamba maudhi ya kidonge ni sababu ya kurudi kubadilishiwa, si sababu ya kuacha. Mleta mada, muulize mzee kwa upole kama kuna kitu dawa ilimfanyia. Wazee hawasemi.

#12 Kaunta ya Dawa
Pole sana, Dereva. Nafanya kazi famasi hapa Mwanjelwa, na maelezo yako ni ya kila siku. Kikohozi kikavu ni cha kundi la lisinoprili, kaptoprili na enalaprili, na kundi la losatani mara nyingi halikileti. Kuvimba miguu ni kwa amlodipini, na huzidi dozi inapokuwa kubwa, ndiyo maana dawa mbili kwa dozi ndogo huwa afadhali kuliko moja kwa dozi kubwa. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kutoka nchi sita za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Msumbiji, ambao ulilinganisha vidonge viwili viwili kwa pamoja, na jozi zilizokuwa na amlodipini ndani yake zilifanya vizuri kuliko jozi isiyokuwa nayo. Niongeze kwa dada zetu kwamba losatani na kundi la lisinoprili hazifai kwa mjamzito, hata kama ni za mama mkwe na ziko kabatini.

Swali langu kwa mleta mada ni jingine kabisa. Mzee anayelima viazi kwa miaka hamsini ana mgongo unaouma. Anatuliza na nini? Kwa sababu diklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha, huufanya mwili ushike maji na chumvi, hudhoofisha nguvu ya baadhi ya dawa za presha, na zikizoeleka huumiza figo. Zinauzwa dukani pamoja na sabuni.

#13 Baridi ya Njombe
Ninyi nyote mnazunguka. Tazameni tarehe. Ni Julai. Mishipa ya damu hujibana mwili unapopoa, na inajulikana kwamba presha huwa juu majira ya baridi kuliko ya joto. Mtu ametoka Makete yenye jalidi asubuhi, mnampima Uyole kwenye upepo, mnashangaa. Mpimeni Novemba.

#14 Mpanda Loleza
Baridi, nakubali hoja ya majira, lakini ile 172 ya mwaka jana ilikuwa mwezi gani? Na kama ni hivyo, Makete nzima ingekuwa na presha.

#15 Baridi ya Njombe
Nani amekuambia haina? Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilisema karibu nusu ya wenye presha duniani hawajui kwamba wanayo.

#16 Chuma cha Liganga
Na hakuna aliyethubutu kuutaja ulanzi. Mzee wa Makete, Julai, baridi, jioni. Tusidanganyane.

#17 Bibi wa Kinyanambo
Liganga, umetoka nyumbani siku nyingi. Ulanzi hugemwa wakati wa mvua, mianzi inapochipua. Julai atakuwa anakunywa komoni.

#18 Chuma cha Liganga
Nimerekebishwa na mtaalamu. Komoni basi. Pombe kila jioni hupandisha presha, iwe ya mwanzi au ya mahindi.

#19 Ndizi ya Tukuyu
Kwa mimi baba yangu alipona kwa kitunguu saumu na juisi ya choya, ile ambayo wengine huiita rozela. Punje tatu asubuhi, glasi moja jioni. Dawa za hospitali hakugusa.

#20 Kaunta ya Dawa
Ndizi, choya imefanyiwa tafiti na baadhi zilionyesha inashusha kidogo, kwa hiyo sikuiti mwongo. Shida ni neno "kidogo". Baba yako alikuwa na ngapi alipoanza, na alipimwa lini mara ya mwisho?

#21 Ndizi ya Tukuyu
Alipimwa 2021. Sasa yuko vizuri, anakula, anatembea.

#22 Muuguzi Mstaafu
Mpeleke akapimwe wiki hii, mwanangu.

#23 Mwana wa Tandala
Samahanini kwa kuchelewa, nilikuwa nachunguza nilichoelekezwa. Dereva alisema wazee hawasemi, na ni kweli, ila kuna mengi ambayo na mimi sikuwa nimewaambia. Mama alifariki mwezi wa Novemba. Yeye ndiye aliyekuwa anampa baba kidonge kila asubuhi pamoja na uji. Nilipouliza kwa utaratibu, tarehe hazikulingana na maneno ya "nimepona". Dawa ziliacha kumezwa wiki ile ya msiba, na neno la kupona lilikuja baadaye.

Kaunta, ulikisia vizuri. Kwenye mfuko wa koti kulikuwa na karatasi ya diklofenaki, na anasema humeza "kimoja au viwili" siku za kuvuna. Bibi, magadi yapo, na sasa anajipikia mwenyewe, chumvi anaipima kwa macho na macho yenyewe hayaoni vizuri. Liganga, komoni ipo pia, anasema ni ya Jumapili.

Nimenunua mashine ya mkononi. Kwa siku saba, asubuhi na jioni, mara mbili mbili, bila sweta, wastani ni 156/94. Kahawa, kumi na mbili zimeondoka kwa kukaa tu kwenye kiti.

#24 Kahawa ya Mbozi
Nilisema.

#25 Muuguzi Mstaafu
Poleni kwa msiba, na Mungu ampumzishe mama. Hiyo 156/94 ya nyumbani bado ni presha kamili, hilo halina mjadala tena. Mrudishe kliniki na hilo daftari la vipimo pamoja na karatasi ya diklofenaki. Omba apimwe mkojo kama una protini, kazi ya figo, sukari, na macho yaangaliwe, kwa kuwa presha ya muda mrefu huharibu hata mishipa ya ndani ya jicho. Pengine macho yasiyoona chumvi ni sehemu ya habari hiyo hiyo.

#26 Mpanda Loleza
Pole sana, kaka. Nafuta nilichosema kuhusu kutokimbilia dawa, kwa mzee huyu. Kwangu mwenyewe sifuti.

#27 Baridi ya Njombe
Pole kwa msiba. Huzuni na usingizi mbaya navyo msivisahau. Mtu aliyeachwa peke yake baada ya miaka arobaini ya ndoa hawezi kuwa na damu iliyotulia.

#28 Kaunta ya Dawa
Baridi, mawazo hupandisha presha kwa muda, hilo ni kweli, lakini 172 ilisomwa mama akiwa hai. Msiba ulichoondoa ni mkono wa kutoa kidonge. Sioni sababu ya kutafuta zaidi ya hapo.

#29 Baridi ya Njombe
Wewe unauza vidonge, utaona vidonge tu.

#30 Mwana wa Tandala
Mrejesho, baada ya wiki nne. Alirudishiwa amlodipini 5. Mkojo na figo viko sawa, sukari iko sawa, jicho la kushoto lina mtoto wa jicho na amepangiwa tarehe. Diklofenaki imeondolewa, amepewa parasetamoli na kuelekezwa namna ya kuinua mzigo. Mke wangu anamlowekea maharage. Kidonge anakimeza na uji, na amesema wazi kwamba bila uji hamezi, basi tunakoroga uji. Wastani wa wiki hii ni 133/82.

#31 Bibi wa Kinyanambo
Magadi hayo! Nafurahi.

#32 Kaunta ya Dawa
Bibi, amebadilisha dawa, diklofenaki, magadi na mpishi kwa wakati mmoja, na kwa mwezi mzima hajabeba viazi. Hatuwezi kujua ni lipi lililofanya kazi zaidi, ingawa kama ningelazimishwa kuweka fedha ningeziweka kwenye amlodipini.

#33 Baridi ya Njombe
Na Agosti inaisha, jua limeanza kutoka. Msinisahau.

#34 Mpanda Loleza
Jembe je? Swali la uzi halijajibiwa.

#35 Dereva wa Tunduma
Mwacheni alime. Mimi tangu kiharusi kile nimeagizwa nitembee kila siku, na natamani ningekuwa na mguu wa mzee huyo.

#36 Mwana wa Tandala
Amesharudi Makete jana na mashine yake, kwa sababu mbegu haisubiri. Leo amenipigia simu akiwa na swali ambalo nimeshindwa, nalileta hapa kama lilivyo. Amewapima majirani tisa tangu asubuhi, wapo wengine wamekaa kwenye benchi nje wanasubiri, na sita wamezidi 140. Mmoja wao ni mama mnene mwenye duka, amesoma 181/98 na hajisikii chochote. Mzee anauliza kama mkanda ule mmoja unafaa mikono yote.

#37 Kahawa ya Mbozi
Haufai. Mwambie asome vipimo vya mzunguko wa mkono vilivyoandikwa kwenye mkanda, aupime mkono wa mama yule kwa futi ya fundi cherehani katikati ya bega na kiwiko, na kama umezidi, namba ile isiandikwe daftarini. Lakini aende zahanati kesho, mkanda ufae usifae.